Springi Mpya, Kompyuta Isiyojua: Fundi Asilipishwe Kosa Lisilo Lake



Mwenzetu mmoja wa Kampala alipewa kazi ambayo kila fundi amekwisha kuifanya mara nyingi. Mteja alileta Land Cruiser 100 pamoja na springi mbili za nyuma, mpya, zilizotengenezwa na kampuni nyingine isiyo ya gari lenyewe. Alitaka nyuma ipande sentimeta tatu kwa sababu hubeba mzigo kila wiki. Mwenzetu alipiga jeki, akashusha ekseli, akatoa springi za zamani akaweka mpya. Gari likapanda kama lilivyotakiwa.

Mteja akawasha injini. Haukupita muda, nyuma ikashuka yenyewe mpaka pale ilipokuwa asubuhi. Taa ya hitilafu nayo ikawaka. Mteja akasema ameibiwa. Mwajiri hakuuliza swali hata moja. Mwisho wa mwezi alikata bei ya sensa moja katika mshahara wa fundi.

Je, fundi yule alikosea wapi? Hili ndilo swali la makala hii, maana magari ya namna ile yanazidi kuingia katika gereji zetu. Mengi ni magari yaliyokwisha kutumika Japani. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane kuingizwa nchini, na Uganda kwa sheria ya mwaka 2018 iliweka kikomo cha miaka kumi na mitano. Kwa hiyo gari linapofika mikononi mwetu, springi zake zimechoka, na kompyuta yake hatujapata kufundishwa.

SPRINGI HUBEBA, SHOKOMZOBA HUTULIZA

Tuanze na jambo tunalolijua sote. Springi hubeba uzito wa gari. Shokomzoba, au shokapu kama wengi tunavyoita, haibebi. Kazi yake ni kutuliza mruko. Vitu hivi viwili hupimwa kwa pamoja kiwandani.

Chukua springi inayobeba kilo 300 na kubonyea sentimeta 10. Ukiiacha irukeruke bila shokomzoba, itaruka kama mara 95 kwa dakika. Sasa weka springi yenye urefu ule ule lakini ngumu zaidi kwa theluthi moja. Uzito ule ule utaibonyeza sentimeta 7 na nusu tu, na gari litapanda sentimeta 2 na nusu. Lakini mruko nao utafika kama mara 109 kwa dakika, na shokomzoba itatakiwa kukaza zaidi kwa karibu asilimia 15 ili iutulize kama zamani. Katika gari la kawaida, habari inaishia hapo. Katika gari lenye kompyuta, hapo ndipo inapoanza.

JUA KWANZA NI GARI LA AINA GANI

Magari haya yako ya aina tatu, na kila aina ina masharti yake.

Aina ya kwanza ina springi za chuma za kawaida, ila shokomzoba zake hukazwa na kulegezwa kwa umeme. Toyota waliuza Soarer yenye mfumo wa namna hii tangu mwaka 1983. Mwaka 2002 Cadillac Seville STS ilikuja na shokomzoba zenye mafuta yaliyochanganywa na chembe za chuma. Umeme ukipita, sumaku huyafanya mafuta yale yawe mazito mara moja. Katika aina hii springi nyingine zinaweza kuwekwa na shokomzoba zikabaki zile zile. Angalia waya wa shokomzoba usivutwe wala kupindwa. Ujue pia kwamba kompyuta haikuambiwa kuwa springi imebadilika. Itakaza kadiri ya uwezo wake, na uwezo huo una mwisho. Springi ngumu mno itaishinda.

Aina ya pili ndiyo ya yule mteja wa Kampala. Land Cruiser 100, iliyotoka mwaka 1998, iliuzwa nyingine zikiwa na mfumo wa mafuta unaosaidiana na springi kubeba gari, pamoja na mipira ya chuma yenye gesi ya naitrojeni. Sensa hupima kimo cha gari. Mwenzetu alipoweka springi ndefu, sensa ilisema gari limepanda mno. Kompyuta ikafungua vali, mafuta yakatoka, gari likashuka. Springi ilisukuma juu, kompyuta ikarudisha chini, na kila mmoja alifanya kazi yake sawasawa. Mtu akitaka kimo kipya katika gari hili, hana budi kurekebisha sensa na kupima shinikizo la mafuta. Springi nzuri humfaa mwenye gari ambaye springi zake zimechoka, kwa sababu hupunguza mzigo uliohamia kwenye mafuta. Hazimfai anayedhani zitainua gari zenyewe.

Aina ya tatu haina springi ya chuma kabisa; gari hukaa juu ya mifuko ya hewa. Range Rover ilianza nayo mwaka 1992, na Mercedes ya S-Class mwaka 1998. Mifuko ikipasuka, wateja wengi huomba iondolewe na kuwekwa springi za chuma, kwa kuwa ni rahisi zaidi. Inawezekana, lakini kompyuta itaendelea kuitafuta hewa na kuwasha taa ya hitilafu mpaka iwekewe kifaa cha kuinyamazisha au ibadilishwe maagizo. Mteja aambiwe kabla ya kazi kwamba hataweza tena kupandisha na kushusha gari lake.

Kuna jambo moja linalohusu aina zote. Katika magari mengi ya siku hizi sensa za kimo ndizo pia zinazoelekeza taa kubwa za mbele. Kimo kikibadilika bila sensa kurekebishwa, taa huweza kumpiga machoni dereva anayekuja. Gari lenye kamera kwenye kioo cha mbele, ile inayosaidia kufunga breki, nalo linahitaji kamera yake ipimwe upya.

VIDOLE HAVINUNULIWI DUKANI

Ndugu zangu, springi iliyobanwa ni silaha. Ile ya mfano wetu ikibanwa sentimeta 15, hushika nguvu iliyo sawa na mfuko wa saruji wa kilo 50 unaoanguka kutoka kimo cha sentimeta 67. Hutoka yote mara moja. Kuifunga kwa waya au kwa kamba ni kucheza na uso wako. Tumia vibanio viwili vizima, vinavyotazamana, uvikaze zamu kwa zamu, na usisimame mbele ya ncha ya springi.

Kwa gari la hewa au la mafuta, zima mfumo wa kimo kabla ya kupiga jeki. Usipouzima, gari linaweza kushuka lenyewe wakati mkono wako uko kati ya tairi na bodi. Na kabla ya kushusha ekseli, fungua kimkono cha sensa. Hicho ndicho kilichovunjika kule Kampala. Mwenzetu hakujua kwamba kipo, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwonyesha.

TUNACHODAI

Sasa tujibu swali letu. Fundi alivunja kimkono, hilo hatulifichi. Lakini mwajiri ndiye aliyeipokea kazi bila kitabu cha gari lile, bila mashine ya kuisoma kompyuta, na bila kumpa fundi hata siku moja ya mafunzo. Faida ya kazi ilikuwa yake. Hasara akampa mfanyakazi.

Basi wawakilishi wetu mahali pa kazi wadai mambo manne. Mosi, kila gari lipimwe na kuandikwa kimo chake cha pembe nne na taa za hitilafu zinazowaka, mteja akitia sahihi kabla spana haijashikwa. Pili, gereji inayopokea magari haya iwe na mashine ya kuyasoma na vibanio vizima. Tatu, mafunzo yafanyike katika saa za kazi. Nne, mshahara usikatwe kwa kosa lililotokana na kukosa vifaa au mafunzo. Na anayeumia adai haki yake: Kenya ina sheria ya mafao ya kuumia kazini ya mwaka 2007, na Tanzania ina sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya mwaka 2008.

Mwenzetu wa Kampala bado yuko kazini. Siku hizi mteja akija na springi ndani ya sanduku, kwanza huinama chini ya gari na tochi, akatafuta waya na kimkono cha sensa. Akiviona, humwita mwajiri waje watazame pamoja. Nasi tufanye hivyo hivyo.