Gofu: Pigo la Kwanza Huanzia Mwisho

Mwanzo wa ngoma ni lele, walinena wahenga. Sijui mchezo unaoithibitisha methali hii kuliko gofu, ijapokuwa wengi wetu huku pwani huupita uwanja wake tukisema ni watu wenye nafasi wanaokimbizana na kimpira juani.

Nilipokuwa kijana nilibeba mifuko ya fimbo katika uwanja mmoja ulio kando ya bahari. Siku moja mchezaji aliniuliza aelekee wapi. Nami, kwa kutaka nionekane mjuzi, nikamwonyesha bendera moja kwa moja. Mpira ukaingia baharini, na bakshishi yangu ikaufuata. Jioni mzee mmoja wa kazi ile akanambia, "Mwanangu, tazama bendera, kisha tazama mlango wa kuifikia, ndipo urudi miguuni pako. Nahodha aingiapo bandarini hufuata mlango wa mwamba, haelekei dirisha la nyumba yake."

Maneno yale niliyafahamu barabara nilipolisoma shimo la 17 la Old Course, huko St Andrews, Uskoti, liitwalo Road Hole, yaani Shimo la Barabara. Tangu lilipoongezwa urefu kwa mashindano ya Open ya mwaka 2010, mabingwa hulicheza kwa yadi 495, na hutarajiwa kulimaliza kwa mapigo manne.

Njia yake hujipinda kulia, na kona hiyo imezibwa na mabanda yaliyojengwa kwa mfano wa yale ya zamani ya reli. Shujaa huurusha mpira juu ya mabanda. Akikosa, mpira umetoka mpakani, naye hupiga tena kwa adhabu. Mwenye hadhari huenda kushoto, penye nafasi. Hapo haadhibiwi papo hapo. Deni lake hudaiwa katika pigo la pili. Kwani uwanja laini wenye bendera ni mwembamba na umelala mshazari. Aliye kulia huukabili kwa urefu wake. Aliye kushoto hukuta shimo la mchanga limemkalia njiani, na ng'ambo yake kuna barabara na ukuta wa mawe.

Mchanga huo si wa mzaha. Katika Open ya 1978 Tommy Nakajima wa Japani alikwisha fika penye bendera kwa mapigo mawili. Akausukuma mpira, ukateremka mchangani. Alitumia mapigo manne kuutoa, akaandikiwa tisa.

Mwaka 1984 Tom Watson alikuwa akiitafuta Open yake ya sita. Pigo lake la kwanza lilipita upande wa kulia, ule mzuri. La pili likapitiliza, mpira ukakaa karibu na ukuta, akapata tano. Seve Ballesteros, aliyetangulia kupita hapo, mpira wake ulikwenda kushoto majanini; hata hivyo alimaliza kwa manne. Akashinda kwa mapigo mawili.

Je, mzee wangu alikosea? Hasha! Mjenzi wa shimo huuza nafasi nzuri kwa bei ya hatari, wala hakuahidi kuwa aliyenunua atafika salama. Kila pigo lina hesabu yake.

Basi msomaji, ukipita tena kando ya uwanja ukamwona mtu amesimama kimya kabla ya kupiga, usimcheke. Huenda macho yake yamekwisha fika penye bendera, nayo yanarudi polepole kumtafutia njia.