Gazi mingi hewani: sombe yetu itakuwa na sumu zaidi?

Muhogo unakula hewa, si udongo tu. Gazi karbonike, ile inatoka kwa moshi wa viwanda na motokari, zamani ilikuwa sehemu 280 hivi katika milioni moja ya hewa. Leo imepita 420. Ikizidi, matundu madogo ya majani yanajifunga kidogo, maji yanabaki ndani ya mmea.

Mwaka 2009, watafiti wa Australia walikuza muhogo ndani ya vyungu, kwa gazi mingi: mizizi ikapungua, majani yakaongeza sumu ya sianidi. Wengi tuliogopa. Kumbe mwaka 2012, kule Illinois, Marekani, wengine walipanda katika shamba la wazi, gazi ikiwa 585: mizizi ikawa karibu mara mbili, na sumu haikuongezeka. Inawezekana chungu ndicho kilibana mizizi.

Kwa hiyo, tusikimbie sombe. Lakini sumu iko tangu zamani: kule Kwango, konzo inalemaza miguu ya watoto na wamama. Mama, muhogo mchungu tuuloweke siku tatu ao ine, tuukaushe vizuri; sombe tuitwange na kuipika sana. Haraka ya njaa isitulemaze.