Kuiuliza programu ya kompyuta kwa lugha ya kawaida

Msikilizaji anayeajiriwa leo kuandika programu za kompyuta, iwe London au Muscat, huenda akakabidhiwa kazi ya watu walioondoka zamani. Kiini cha mfumo wa Linux pekee kina zaidi ya mistari milioni 30. Aanzie wapi?

Tangu mwaka 1973, Ken Thompson wa Bell Labs nchini Marekani alipotengeneza grep, njia iliyozoeleka ni kutafuta neno lenyewe, herufi kwa herufi. Lakini anayetaka kujua ni wapi akaunti ya mteja hufungwa akikosea neno la siri hatafika, iwapo mwandishi wa awali aliiita sehemu hiyo "jaribio3" tu.

Zana nyingi za akili bandia hupita njia nyingine. Kila kipande cha programu hugeuzwa kuwa mamia ya namba zinazowakilisha maana yake. Swali nalo hugeuzwa vivyo hivyo, kisha huletwa vipande vilivyo karibu nalo. Swali laweza kuwa la Kiswahili, ingawa zana hizo zimefunzwa zaidi kwa Kiingereza. Si vibaya kuuliza kwa lugha zote mbili.

Hata hivyo, ukaribu huo si uthibitisho. Zana huleta kilicho karibu zaidi hata kama sicho, na kukieleza kwa ufasaha wa kushawishi. Anayeuliza iwapo sehemu fulani haitumiki tena, ili aifute, asiridhike na maelezo hayo. Hapo arudi kwa grep, apitie kila mstari unaotaja jina lake.