Mpira wa Eastlands na Mlango wa Chuo Kikuu

Mtu wa Mombasa akifika Eastlands ya Nairobi hajihisi mgeni sana kwa majina. Iko Kaloleni, iko Makadara, iko Majengo ya Pumwani ambako Uswahili na Uislamu una mizizi ya zamani. Uko na mtaa wa Mbotela, uliopewa jina la Tom Mbotela, mtu wa asili ya pwani aliyeuawa Nairobi mwaka 1952. Lakini nililokusudia kuwazungumzia leo, wasomaji wangu, si majina ya mitaa. Ni vijana wa mitaa hiyo, na mpira wao, na njia ambayo mpira huweza kumfikisha kijana chuo kikuu.

Sisi watu wa pwani, neno chuo hutupeleka kwanza kwenye juzuu na msahafu. Mimi nilisoma chuoni zama ambazo mwalimu akikukuta na mpira wa matambara, hasemi nawe kwa mdomo. Mchezo ulihesabiwa adui wa elimu. Kumbe ziko nchi zilizoufanya mchezo kuwa ngazi ya elimu, na Marekani ndiyo iliyotangulia. Kule mwalimu wa michezo wa chuo kikuu hutafuta vijana kila pembe. Akimpenda mmoja humwombea nafasi, na huenda akapewa karo, malazi na chakula. Hata katika vile vyuo vinane vya Ivy League, ambavyo havitoi msaada wa fedha kwa ajili ya mchezo, neno la mwalimu wa michezo lina uzito anapochaguliwa wa kuingia.

Wakenya waliijua njia hii zamani. Mike Boit, aliyepata medali ya shaba ya mita 800 huko Munich mwaka 1972, alisoma Eastern New Mexico, akaendelea na masomo mpaka akapata shahada ya udaktari, kisha akarejea nyumbani akawa Kamishna wa Michezo na mwalimu wa chuo kikuu. Henry Rono, akiwa mwanafunzi wa Washington State mwaka 1978, alivunja rekodi nne za dunia katika siku 81. Tanzania nayo ilimtoa Suleiman Nyambui, mkimbiaji wa Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, aliyepata medali ya fedha ya mita 5,000 huko Moscow mwaka 1980.

Walakini hao wote ni wakimbiaji. Mkimbiaji ana shahidi wake, nayo ni saa. Muda wake huandikwa, na karatasi ile husafiri mpaka Marekani ikasomwa na mtu asiyemjua. Mchezaji mpira wa Eastlands hana shahidi huyo. Uhodari wake huonwa na waliosimama kando ya uwanja wa vumbi, na jua likitua kila mtu huenda kwake.

Na mahodari hawakosi. McDonald Mariga na nduguye Victor Wanyama ni watoto wa Muthurwa. Mariga alikuwa katika kikosi cha Inter Milan kilichotwaa ubingwa wa Ulaya mwaka 2010, naye Wanyama alicheza Celtic, Southampton na Tottenham. Hao miguu yao iliwatosha. Lakini kwa kila mmoja wa namna hiyo wako wengi ambao goti liliumia, au bahati haikupita mtaani kwao, wakabaki bila mpira na bila cheti.

Wako walioliona jambo hili mapema. Chama cha vijana cha Mathare, MYSA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kiliweka desturi ya timu kupata pointi kwa kushinda mechi na pia kwa kuzoa taka za mtaa. Na vijana waliojitolea zaidi wakalipiwa karo, fedha zikipelekwa shuleni kwenyewe. Humo ndimo ilimotoka Mathare United, mabingwa wa ligi kuu mwaka 2008. Mpira haukuwatoa darasani, uliwalipia darasa.

Baada ya sekondari, hata hivyo, njia hubana. Nafasi za vyuo vikuu vya serikali hugawanywa na KUCCPS kwa matokeo ya mtihani wa KCSE, na kwa shahada kiwango cha chini ni C+. Mabao hayahesabiwi. Vyuo vya binafsi kama USIU na Strathmore vimejulikana kwa kuwafadhili baadhi ya wanamichezo, lakini nafasi si nyingi. Ndipo macho ya vijana yakaelekea Marekani, na madalali wakalijua hilo.

Dada yangu anakaa Majengo. Mwanawe, mpwa wangu, ni winga mwepesi, naye yu kidato cha nne. Siku moja alinijia akaniambia, "Mjomba, nimepata chuo Marekani." Alikuwa ameletewa ujumbe kwa simu na mtu asiyemjua, amtumie shilingi 80,000 kwa M-Pesa apate "kuandikishwa". Dada yangu alikwisha kumtafuta mnunuzi wa cherehani yake, na cherehani hiyo ndiyo chakula cha nyumba ile. Nikamwambia, "Dada, ngoja. Mtake huyo bwana jina la chuo, jina la mwalimu wa timu, na barua kutoka chuoni." Ujumbe ukapelekwa. Hakujibu mpaka leo.

Msidhani hila hizi ni za Nairobi peke yake. Mwezi wa Machi 2019 serikali ya Marekani iliwashtaki watu 50 katika kesi moja ya rushwa. Matajiri walikuwa wakimlipa dalali aitwaye William Singer, naye huwahonga walimu wa michezo wa vyuo wawaandike watoto wao kuwa ni wanamichezo, ilhali wengine hata mchezo wenyewe hawaujui. Singer alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu na nusu mwezi wa Januari 2023. Yaani mlango uliowekwa kwa ajili ya wenye miguu ukauzwa kwa wenye fedha, na kila nafasi iliyouzwa ilikuwa ya mtoto fulani aliyeitokea jasho.

Basi mzazi mwenye mtoto hodari na afanye nini? Atunze karatasi. Vyuo vikubwa vya Marekani havitazami bao tu. Hudai masomo 16 maalumu ya sekondari, Kiingereza na hesabu yakiwa mbele, na alama za kila mwaka tangu mwanzo. Hutazama pia kijana alikaa muda gani baada ya kumaliza shule, na kama alikwisha kulipwa kwa kucheza. Masharti hayo yamebadilika sana tangu mwaka 2021, kwa hiyo yaulizwe chuoni kwenyewe. Mechi zake zipigwe picha za video, ndizo zitakazokuwa saa yake. Na mwalimu wa timu asimtoe mtoto darasani miezi miwili kwa ajili ya kombe, kisha amrudishe mtihani ukiwa mlangoni.

Mpwa wangu hajaahidiwa chuo chochote. Jioni anacheza, usiku anasoma hesabu, na cherehani ingali inashona.