Kemia, Fedha na Mbegu za Alizeti

Kiwanda cha mafuta ya alizeti kikianza kupata hasara, lawama hushukia mashine. Mimi ningeanzia ghalani. Mbegu zikinunuliwa mbichi na kurundikwa na unyevu wake, vimeng'enya vilivyomo huanza kuvunja mafuta na kuzalisha asidi huru. Wakati wa kusafisha mafuta, asidi hiyo huondolewa kwa kostiki soda, ikageuka sabuni, na sabuni inapotenganishwa huondoka na sehemu ya mafuta mazuri. Aliyefurahia bei ya chini wakati wa mavuno pale Singida, Tanzania, hasara yake ataikuta kwenye mapipa miezi kadhaa baadaye.

Je, kilo ya mbegu kavu iongezewe shilingi ngapi ili kiwanda kibaki na faida? Swali hilo humhitaji mtu anayeujua mmenyuko huo wa kemikali na pia gharama ya kufungia mtaji ghalani, kwa sababu mbegu za mwaka mzima hununuliwa katika miezi michache tu. Watu wa namna hiyo ndio wanaoandaliwa na masomo ya uzamili yanayounganisha uhandisi kemikali na biashara.

Wazo hili lina mizizi mirefu. Mwaka 1916, chuo cha MIT nchini Marekani kilianzisha shule ya mazoezi ya uhandisi kemikali, kwa juhudi za William Walker na Arthur D. Little na kwa fedha za George Eastman, mwanzilishi wa Kodak. Mwanafunzi hupelekwa kiwandani, akakabidhiwa tatizo halisi la kampuni na kutakiwa kulitatua kwa muda mfupi. Baadaye chuo hicho kiliongeza shahada ya uzamivu ambayo ndani yake mhandisi husoma pia katika shule ya menejimenti ya Sloan.

Hesabu moja wanayoipenda wahandisi wa fani hii inafaa kujulikana na kila mwekezaji. Ukiongeza ukubwa wa mtambo mara mbili, kwa kawaida gharama ya kuujenga haiongezeki mara mbili. Huongezeka kwa takriban mara moja na nusu. Tuseme mtambo wa tani 10 kwa siku unagharimu shilingi bilioni 4. Wa tani 20 utakuwa karibu bilioni 6, si 8. Hapo wengi hushawishika kujenga mkubwa. Lakini mbegu zikipatikana za tani 10 tu, umelipa bilioni 6 kwa kazi ya bilioni 4, na riba ya benki haisubiri msimu ujao. Kanuni ni ya kihandisi. Kinachoamua kama itakufaa ni soko na wakulima.

Ndivyo ilivyo hata kwa mashudu. Yakitoka kwenye mashine ya kukamua hubaki na mafuta, mara nyingi asilimia 6 hadi 10, na heksani, kimiminika kinachoyeyusha mafuta, inaweza kuyashusha hadi karibu asilimia 1. Inavutia sana. Ila heksani hulipuka, inadai mitambo ya gharama na uangalizi wa saa zote, hivyo hailipi kwa kiwanda kidogo.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha uhandisi kemikali, na kina shule ya biashara. Ninaamini kwa dhati kwamba fani hizi mbili zikikutanishwa juu ya tatizo la kiwanda kimoja cha hapa nchini, mwanafunzi atajifunza mengi kuliko kwa kuzisoma kila moja kivyake.

Kijana unayetafuta shahada ya uzamili ya namna hii, usidanganywe na jina lake. Uliza kwanza kama kuna miezi ya kukaa kiwandani, na kama somo la fedha hutumia hesabu za mtambo halisi. Jibu likiwa hapana kwa yote mawili, tafuta chuo kingine, au fanya kazi kiwandani miaka miwili kisha ndipo uombe nafasi.