Kinyonga akikuwa mweusi, haiko ulozi

Ku Kolwezi, delege akisema neno moja mbele ya wafanyakazi na lingine mbele ya mukubwa wa kazi, wanamuita kinyonga. Sisi wa sendika tunalijua hilo jina, wametupatia mara mingi. Lakini tukitazama muzuri yule nyama mwenyewe, tunaona watu wanamusingizia. Kinyonga habadilishi rangi juu ya kudanganya mutu. Mara mingi anabadilisha juu ya kuonyesha ile iko ndani yake: baridi, woga, hasira ao utulivu. Na sababu watoto wetu wanamuchunga ku nyumba, amefungwa kamba ku muguu, inafaa sisi wazazi tujue kusoma ile rangi.

Ule tunakutana naye sana mu pori la miombo hapa Lualaba, wenye elimu wanamuita Chamaeleo dilepis. Utamujua kwa ngozi mbili za nyuma ya kichwa, zinafanana na masikio. Pamoja na mukia, anaweza kufika sentimeta 30 na kupita. Muchana ni kijani, ao njano, ao kahawia kama majani makavu. Usiku analala ku tawi, na ukimumulika na toroshi utamuona mweupe-mweupe. Njo pale watu wengine wanakimbia, wanasema ni muzimu. Ni usingizi tu.

Rangi inatoka wapi?

Watu wanasema: umuweke ku kikwembe chekundu, atakuwa mwekundu. Jaribu, utaona haifike. Kinyonga hanakili kintu chochote unaweka chini yake. Rangi yake ya kawaida inafanana na majani, na ile inamusaidia kujificha, ni kweli. Lakini mabadiliko makubwa yanatoka ndani.

Mwenye kufanya kazi mu karyeri ataelewa mbio. Malakiti ni ya kijani juu ya shaba iko ndani yake. Ukiiponda, unga wake unabaki kijani. Ile ni rangi ya kweli ya jiwe. Ku ngozi ya kinyonga, njano nayo iko rangi ya kweli, na nyeusi vilevile: nyeusi inatoka ku melanini, ile ile iko mu ngozi yetu sisi watu. Lakini bluu yake haina rangi yoyote ndani. Inatoka ku vikristali vidogo sana, vinapangwa kwa mustari mu ngozi, na vinarudisha mwangaza. Ukiviponda, bluu inapotea.

Mu 2015, timu ya Michel Milinkovitch wa Chuo Kikuu cha Geneva, ku Uswisi, ilionyesha namna ile kazi inaenda. Walitazama kinyonga wa Madagascar, Furcifer pardalis. Dume akitulia, vile vikristali vinakaribiana, vinarudisha bluu. Bluu ikipita chini ya njano, macho yetu yanaona kijani. Akiona dume mwenzake, vikristali vinaachana, vinarudisha njano mpaka nyekundu, na mu dakika chache kijani inageuka njano. Walikamata hata kipande cha ngozi, wakakitia mu maji yenye chumvi, na rangi ikabadilika. Kwa hiyo si majani inaamuru. Ni nafasi kati ya kristali na kristali.

Nyeusi inasema nini?

Hapa njo tunaomba wazazi wasome polepole, sababu nyeusi njo inafanya watu wamuue kwa majiwe.

Asubuhi ya mwezi wa sita ao wa saba, wakati Kolwezi iko na baridi, kinyonga anakuwa mweusi juu ya kukamata joto la jua. Akisha kupata joto, anarudi kuwa mweupe kidogo. Sisi tunavaa koti, yeye anavaa nyeusi.

Nyeusi inaweza pia kusema: «nimeshindwa». Mutafiti Russell Ligon, ku Marekani, alifuata kinyonga wa Yemen wakipigana. Mwenye kichwa cha kuangaza na mwenye kubadilika mbio njo alikuwa anashinda sana. Mwenye kushindwa anageuka mweusi, na mwenzake anapunguza kumupiga. Ni kama mutu anainua mikono.

Sasa fikiri ule mutoto wako amefunga ku kijiti. Hana mahali pa kukimbilia. Anakuwa mweusi, anavimba, anafungua kinywa, ndani unaona rangi ya machungwa. Watoto wanacheka, wanamuchokoza tena juu abadilishe rangi. Wanafikiri anacheza. Anaomba wamuache. Hana sumu, hana ulozi, na siku chache nyuma anakufa.

Na mara mingi ule wanakamata chini ni muke. Anashuka ku muti juu ya kuchimba shimo na kuzika mayai yake, yanaweza kupita 30. Yale mayai yanabaki mu udongo miezi mingi. Mutoto akimubeba siku ile, hakubeba kinyonga mumoja. Amebeba wote.

Somo la Hawaii

Mu 1972, vinyonga wenye pembe tatu, wanaoitwa wa Jackson, walitolewa Kenya, wakapelekwa Hawaii kwa biashara ya nyama wa kufuga. Wakaingia mu pori, wakazaa. Kule ndege na nyoka wenye kuwakula ni kidogo sana kuliko Kenya. Mu 2022 watafiti walitangaza kama madume wa Hawaii wanaonyesha rangi za kuangaza zaidi kuliko ndugu zao wa Kenya. Nyama ni ule ule, lakini pahali hatari imepunguka, anasema kwa nguvu.

Sisi wa sendika tulisoma ile tukajifikiria sisi wenyewe. Kama mufanyakazi anaongea kwa sauti ya chini mbele ya mukubwa, musikimbie kumuita kinyonga. Muulize kwanza nani anamutisha. Pahali watu wako na mukataba wa kweli na hakuna mwenye kufukuzwa juu ya neno, utasikia sauti.

Tufanye nini?

Ku Ulaya na Marekani watu wananunua vinyonga kwa rangi. Wale wa Madagascar wanauzwa na jina la pahali pao: Nosy Be, Ambilobe, Tamatave, sababu kila pahali madume wako na rangi zao. Hapa kwetu hakuna mutu amepata utajiri juu ya kinyonga, na kumuvusha mupaka bila ruhusa ni kosa. Inchi yetu iko ndani ya mapatano ya CITES tangu 1976, na sheria nambari 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 inalinda nyama na pori.

Lakini sheria iko mbali, na mutoto iko karibu. Umuonyeshe. Muketi chini wote wawili mbele ya muti ule kinyonga iko, mukono usimuguse. Mumuone asubuhi, saa sita na usiku na toroshi. Mutoto ataandika rangi tatu mu kaye yake ya shule. Ile ni somo bila franka.

Tena kinyonga anakula nzige na nzi mu mashamba yetu. Pori yake tunaikata kila siku juu ya makala, na karyeri nazo zinaila. Ule amebaki, tumuachie tawi lake. Na siku utamukuta mweusi ku njia, usiokote jiwe. Umutie ku muti, ku jua, na uende zako ku kazi.