Je, Wajua? Diski Zenye Vituko

Una terabaiti 1 ya data pale Muyinga, na unataka imfikie mwenzako kwenye kampasi ya Zege, Gitega? Kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde, itasafiri zaidi ya siku 9, usiku na mchana! Tia diski mkobani upande gari asubuhi. Jua halijazama umeshaikabidhi.

Je, wajua kwamba faili yenye herufi moja tu inaweza kumeza nafasi ya herufi 4,096? Kompyuta nyingi zenye mfumo wa Linux, na hizo ndizo zinazoendesha klasta za vyuo (kompyuta nyingi zilizounganishwa zifanye kazi pamoja), hugawa diski kwa vipande vya kilobaiti 4, na kipande hakina mbia. Hifadhi vijifaili milioni 1 vya herufi moja moja: maandishi yako yote ni megabaiti 1, diski imeliwa gigabaiti 4!

Diski ya kwanza ya IBM, mwaka 1956, ilibeba herufi takriban milioni 5, yaani chini ya megabaiti 4, na kuwa na uzito wa karibu tani 1. Picha mbili tatu za simu yako zingeijaza.

Na je, wajua diski inaweza kulia "nimejaa" huku nusu yake ni tupu? Kila faili hupewa namba yake, na kwenye mifumo mingi namba hizo huhesabiwa mapema. Zikiisha, hata ziwepo terabaiti 100 za bure, huongezi faili hata moja. Ndiyo maana klasta nyingi humwekea mwanafunzi mipaka miwili: ukubwa wa faili zake, na idadi ya faili hizo.

Sasa shika benchi vizuri. Desemba 2021, kompyuta kuu ya Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, ilipoteza faili takriban milioni 34, terabaiti 77, katika siku mbili tu! Vikundi 14 vya watafiti viliumia, na kazi za vikundi 4 hazikurudi kabisa. Mhalifu unamjua? Programu ya nakala rudufu yenyewe! Ilirekebishwa ikiwa kazini, ikafuta ilichotumwa kulinda.

Unaikumbuka filamu ya Toy Story 2? Mwaka 1998 amri moja iliifuta karibu yote kwenye kompyuta za Pixar. Iliokolewa na nakala iliyokuwa nyumbani kwa mfanyakazi mmoja, Galyn Susman, aliyekuwa akifanya kazi huku analea mtoto mchanga.

Kompyuta kuu nazo hustaafu, wajua? Ranger ya Texas, yenye diski za zaidi ya terabaiti 1,700, ilizimwa 2013. Baadhi ya makabati yake yakapandishwa meli kuja Afrika, yagawiwe Afrika Kusini, Botswana na jirani zetu Tanzania.

Muyinga.txt na muyinga.txt? Kwa Linux hizo ni faili mbili tofauti, usishangae ukiikosa yako.

La mwisho, na hili ni la hatari. Una folda iitwayo "data za Gitega", unaandika amri ya kufuta, rm -r, kisha jina hilo bila alama za kunukuu. Kompyuta inasoma majina matatu: data, za, Gitega! Kama una folda nyingine iitwayo Gitega, imekwenda, na amri hiyo haina kapu la taka la kuokotea. Andika data_za_Gitega, ndugu yangu, ulale usingizi.